Hukumu Ipo, Fedha Hakuna: Kesi Mpya Zinavyokwamisha Ukazaji wa Hukumu

Anayeshinda kesi ya madai hapa Mwanza ajiandae kwa kesi ya pili. Sizungumzii rufaa. Rufaa ni haki ya aliyeshindwa, imetajwa kwenye ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na ina njia yake, muda wake na mwisho wake. Nazungumzia kesi mpya kabisa inayofunguliwa baada ya hukumu, mara nyingi wiki ileile dalali wa mahakama anapobandika tangazo la mnada. Inakuja na mdai mpya, namba mpya na hati ya dharura, na ombi lake halibadiliki: utekelezaji usimame mpaka shauri hili lisikilizwe.

Tuchukue mfano ambao mtu yeyote wa Mwaloni Kirumba ataufahamu. Mama mfanyabiashara wa dagaa anampa mwenye mitumbwi mtaji wa injini, nyavu na mafuta, kwa makubaliano kwamba mzigo utashushwa kwake kwa bei waliyopatana. Msimu unaanza vizuri, halafu mzigo unaanza kushushwa kwa mwingine. Deni linafika shilingi milioni 40. Mama anaenda mahakamani, kesi inapigwa kalenda, mwisho ushahidi unasikilizwa na anashinda. Mdaiwa hakati rufaa, au anakata na kushindwa tena. Mama anaomba kukaza hukumu, yaani mali za mdaiwa zikamatwe na kuuzwa ili alipwe. Kwenye maombi anaorodhesha mitumbwi miwili, injini zake, na kiwanja cha Igoma chenye fremu nne za maduka.

Kuanzia hapo ndugu wa mdaiwa wanajitokeza mmoja mmoja. Mdogo wake anakuja na risiti kwamba injini ni zake. Pingamizi linasikilizwa na kutupwa. Baada ya miezi kadhaa, mnada ukikaribia, mke anafungua kesi kwamba kiwanja ni mali ya ndoa na yeye hakushirikishwa. Hiyo nayo ikianza kuyumba, anatokea msimamizi wa mirathi ya baba mzazi, anasema kiwanja hakijawahi kugawanywa. Mama akimpigia dalali simu, mazungumzo huwa hivi:

"Mama, mnada haupo. Kuna zuio."

"Zuio la nani tena, baba?"

"La mke wake."

"Si huyuhuyu alikuja kumtolea mumewe ushahidi? Mbona siku ile hakusema kiwanja ni chake?"

"Mama, mimi napokea amri tu."

Swali la huyo mama ndilo swali la kisheria lenyewe, na sheria ilishalijibu zamani. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ilitungwa mwaka 1966 ikifuata nyayo za sheria ya India ya mwaka 1908. Kifungu chake cha 9 kinakataza kufungua upya jambo lililokwisha kuamuliwa kati ya watu walewale, au watu wanaosimama kwenye haki za walewale. Kinaenda mbali zaidi: hata hoja ambayo mtu alipaswa kuitoa kwenye kesi ya kwanza akanyamaza, inahesabiwa kuwa ilitolewa na kuamuliwa. Kifungu kilichozoeleka kwa mawakili kama cha 38 kinasema kwamba maswali yote kati ya wadaawa, yaani waliokuwa kwenye kesi, kuhusu kukaza hukumu yaamuliwe na mahakama ileile inayoikaza, si kwa kesi nyingine. Kwa mtu wa nje ambaye mali yake imekamatwa kimakosa, Amri ya 21, ambayo ni fungu la kanuni zilizo ndani ya sheria hiyohiyo, kanuni ya 57 inampa mlango wa pingamizi, lakini kanuni hiyohiyo inasema mahakama isihangaike kulichunguza pingamizi lililocheleweshwa kwa makusudi au bila sababu. Mwenye pingamizi akishindwa, kanuni ya 62 inamruhusu afungue kesi kuthibitisha haki yake. Hakuna mahali kanuni hiyo inaposema kwamba kufungua kesi kunasimamisha mnada.

Mkanganyiko unaanzia hapo, na si kwa watu wa mtaani peke yao. Wapo wanaoamini kwamba karatasi yenye mhuri wa kupokelewa mahakamani ni zuio. Si zuio. Hata rufaa yenyewe haisimamishi utekelezaji mpaka itolewe amri. Kesi iliyofunguliwa jana asubuhi haiwezi kuwa na nguvu ambayo rufaa haina.

Basi kwa nini mbinu hii inafanikiwa?

Sababu ya kwanza ni woga wa mahakimu, na ni woga ninaouheshimu. Hakimu anajua kwamba uamuzi uliotolewa bila mtu kusikilizwa hufutwa na mahakama ya juu, wakati mwingine baada ya miaka, na kazi yote inaanza upya. Akiletewa kiapo kinachosema "mali ni yangu na inauzwa kesho kutwa saa nne", anaona kosa dogo ni kusema hali ibaki kama ilivyo mpaka pande zote zifike. Amri hiyo inaonekana haina upande. Ukweli ni kwamba inao, kwa sababu kila siku ambayo hali inabaki kama ilivyo ni siku ambayo aliyeshindwa anaendelea kukaa na fedha ya mwenzake na kupokea kodi ya fremu zilizotakiwa kuuzwa.

Na mali nyingine haziwezi kubaki kama zilivyo hata mahakama ikiamuru. Mtumbwi wa mbao unaishi majini. Ukiuvuta pwani ukauacha juani, mbao zinakauka na kuachana, pamba ya kalafati inatoka kwenye maungio, misumari inashika kutu. Msimu mmoja wa kiangazi unatosha kuufanya uhitaji fundi, na ukipita mwingine fundi mwenyewe atakushauri utengeneze mpya. Injini iliyofungiwa stoo ya dalali nayo inazeeka huku gharama za kuitunza zikipanda, na gharama hizo mwisho wake zinamlalia yule mama. Sheria iliona tatizo hili: kwenye Amri ya 21 ipo kanuni inayoruhusu mali inayoharibika upesi, au ambayo gharama za kuitunza zinaweza kuipita thamani yake, iuzwe mara moja. Kinachotakiwa ni mtu aombe na hakimu akubali kwamba mtumbwi uliokokotwa mchangani umo kwenye kundi hilo. Fedha ya mauzo ikae mahakamani, na wenye madai yao wagombee fedha hiyo.

Sababu ya pili inazungumzwa kidogo sana, na mimi naona ndiyo kubwa: kuchelewesha ni biashara yenye faida. Kwa mujibu wa Amri ya 20 kanuni ya 21, deni lililohukumiwa linazaa riba ya asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu, au kiwango kingine walichokubaliana wenyewe kisichozidi asilimia 12. Sasa piga hesabu ya yule mwenye mitumbwi. Deni la milioni 40 linamwongezea shilingi milioni 2.8 kwa mwaka. Angekwenda benki kukopa kiasi hichohicho, kwa riba ya asilimia 15 ambayo kwa mfanyabiashara wa kawaida nchini si ya juu, angelipa milioni 6 kwa mwaka, na benki ingetaka hati, wadhamini na marejesho ya kila mwezi. Kwa miaka minne, riba ya mahakama ni milioni 11.2 na ya benki ni milioni 24 hata bila kuhesabu riba juu ya riba. Tofauti ni milioni 12.8. Mtu huyo anaweza kumlipa wakili, akalipa ada za kufungua kesi mbili au tatu, na bado akawa amekopa kwa bei nafuu kuliko jirani yake aliyefuata utaratibu benki. Aliyemkopesha hakutaka kumkopesha. Yeye mwenyewe pengine amekopa benki au kwenye kikoba ili biashara yake isife, na anailipa ile asilimia 15 au zaidi.

Ukishaiona hesabu hiyo, huwezi tena kusema tatizo ni tabia za watu wasiopenda kulipa. Mtu mwaminifu kabisa, mwenye mshauri mzuri wa fedha, ataambiwa achelewe.

Jambo linaloniumiza zaidi ni jinsi milango miwili ya jengo lilelile la haki inavyodai bei tofauti. Anayekwenda juu, Mahakama ya Rufani, kuomba utekelezaji usimame, anakutana na kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009. Awe ameshawasilisha taarifa ya rufaa, aombe ndani ya siku 14 tangu alipopewa taarifa ya ukazaji wa hukumu, aonyeshe atapata hasara kubwa, na atoe dhamana kwamba akishindwa hukumu italipwa. Bila dhamana hapati. Sasa mtu huyohuyo, au shemeji yake, akiamua kushuka chini na kufungua kesi mpya na maombi ya zuio, dhamana inakuwa jambo la hiari ya hakimu. Amri ya 21 kanuni ya 27 inasema mahakama inaweza kusimamisha utekelezaji wakati kuna kesi nyingine kati ya aliyeshindwa na aliyeshinda, kwa masharti ya dhamana au mengine itakavyoona inafaa. Neno la dhamana limo. Lakini limeachiwa busara, na busara ya mchana wenye maombi kumi ya dharura mezani mara nyingi haifiki huko. Matokeo yake, mwenye rufaa ya kweli analipa zaidi kuliko mwenye kesi ya kununua muda.

Napendekeza jambo moja, na ningependa lianze hapa Kanda ya Mwanza bila kusubiri Bunge. Kesi yoyote iliyofunguliwa baada ya hukumu isisimamishe utekelezaji mpaka anayeomba zuio aweke mahakamani fedha au dhamana ya benki inayolingana na deni, au na thamani ya mali inayogombewa. Iwe ndiyo kawaida. Hakimu akitaka kumsamehe mtu sharti hilo, aandike kwa nini. Mahakama haihitaji sheria mpya kufanya hivyo, kwa sababu kanuni ya 27 na kanuni za zuio la muda chini ya Amri ya 37 zote zinaruhusu masharti ya dhamana. Mwenye madai ya kweli juu ya fremu za Igoma atapata njia, kwani anayeona mali ya milioni 60 inakwenda kupotea hashindwi kutafuta dhamana. Aliyetumwa na mdaiwa atafanya hesabu na kuona faida imekwisha.

Najua jibu litakalokuja: masikini je? Mke ambaye kweli hakujua chochote, anayeamka asubuhi na kukuta dalali mlangoni? Swali hili ni zito na sitaki kulipita haraka.

Wake wa namna hiyo wapo, kando ya ziwa hili pengine kuliko kwingine, kwa sababu mume anaweza kukaa visiwani miezi na biashara zake asizijue mtu nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kuhamisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ni ulinzi uliopiganiwa na unaostahili kulindwa. Lakini angalia ulinzi huo unagusa nini: nyumba ya kuishi. Na kwenye kukaza hukumu za madeni ya kawaida, Sura ya 33 yenyewe ilishaitoa nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake kwenye orodha ya mali zinazoweza kukamatwa, pamoja na vyombo vya kupikia, vitanda na zana za kazi za fundi. Nyumba iliyowekwa rehani benki ina njia zake na sizungumzii hiyo. Kwa hiyo mama anayelala ndani ya nyumba ana ngao mbili kabla hata hajafungua kesi. Mara nyingi kinachobaki kukamatwa ni mali ya biashara: fremu, gari, mitumbwi, mashine, kiwanja kisichojengwa.

Mali ya biashara hupimwa kwa fedha. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, mwaka 1969, mahakama zetu zinauliza mambo matatu kabla ya kutoa zuio: kama kuna hoja nzito yenye matumaini ya kushinda, kama muombaji atapata madhara yasiyofidika, na ni upande gani utaumia zaidi. Fremu nne zikiuzwa kimakosa, mwenye haki anaweza kulipwa thamani yake kwa fedha. Madhara hayo yanafidika. Ukiniuliza ni nani mwenye madhara yasiyofidika kati ya shemeji anayedai injini na mchuuzi aliyekaa miaka bila mtaji, watoto wakirudishwa nyumbani kwa ada, nitakujibu kwamba hasara ya pili hakuna hukumu inayoirudisha.

Lazima niseme pia kwamba madalali wa mahakama wanachangia kuyapa mapingamizi ya uongo sura ya ukweli. Dalali akikamata gari la jirani kwa sababu lilikuwa limeegeshwa uani, au akiuza kiwanja kwa bei ya kutupa kwa mtu anayemjua, kila mdaiwa mjanja anapata mfano wa kuonyesha kwa hakimu. Kanuni za madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka za mwaka 2017 zinaweka sifa, malipo na nidhamu yao. Zikisimamiwa kwa ukali, mapingamizi ya kweli yatapungua na ya uongo yatabaki peke yake, rahisi kuonekana.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu, na kwa kuwa sheria tumeirithi, haishangazi kwamba tumeurithi nao. Mwaka 1872, Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, likiamua kesi iliyotoka India, lilieleza kwamba shida za mdai wa India huanza pale anapokuwa ameshapata hukumu. Karibu miaka 150 baadaye, Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya India ilielekeza mahakama za chini zimalize maombi ya kukaza hukumu ndani ya miezi sita tangu yanapofunguliwa, na muda usiongezwe bila sababu kuandikwa. Majirani zetu Kenya wana sheria maalumu, Sura ya 41, inayoiwezesha Mahakama Kuu kumzuia mtu aliyezoea kufungua kesi za usumbufu asifungue nyingine bila kibali. Sisi tunayo ibara ya 107A ya Katiba, inayoitaka mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Ibara hiyo husomwa sana kwenye sherehe za Siku ya Sheria. Ningefurahi kuiona ikinukuliwa kwenye uamuzi wa kukataa zuio.

Zuio la muda chini ya Amri ya 37 lina ukomo wa miezi sita, na likiongezwa lote kwa pamoja lisizidi mwaka mmoja. Ukomo huo ni mzuri kwa kesi moja. Hausaidii kitu kama mwaka ukiisha ndugu mwingine anafungua kesi nyingine, na saa inaanza kuhesabu upya. Ndiyo maana masjala nazo zina kazi ya kufanya. Siku hizi kesi zinafunguliwa kwa mtandao. Mwenye wakili anafungua maombi ya dharura akiwa amekaa ofisini, wakati mama wa Ukerewe anapanda meli Nansio na kulala mjini ili asikie shauri linatajwa kwa dakika tano na kupangiwa tarehe nyingine. Mfumo uleule uliorahisisha kufungua unaweza kuulizwa swali moja: je, mali hii au mdaiwa huyu ana hukumu nyingine? Kila anayefungua kesi juu ya mali iliyokamatwa aape kwenye hati yake kwamba ametaja mashauri yote anayoyajua kuhusu mali hiyo, na jalada lipelekwe kwa hakimu anayekaza hukumu ile ya kwanza, ambaye anaijua historia. Wakili atakayebainika kuficha hukumu iliyopo alipe gharama kutoka mfukoni mwake, si mfukoni mwa mteja. Mawakili wa Mwanza tulionao ni wengi na wengi wao ni waadilifu. Hao ndio wa kwanza kuumizwa na wachache wanaouza muda kwa bei.

Kwa aliyeshinda na anasoma haya huku ameshika nakala ya hukumu, usisubiri mageuzi. Siku maombi ya zuio yanapotajwa, omba dhamana iwekwe, omba kwa maandishi, na ukikataliwa omba sababu ziandikwe. Kama muombaji alikuwa shahidi kwenye kesi ya kwanza, omba mwenendo wa kesi ile uletwe na ushahidi wake usomwe. Kama mali inaharibika, omba iuzwe na fedha ikae mahakamani. Na weka tarehe ya hukumu mahali unapoiona, kwa sababu muda wa kuomba kukaza hukumu ni miaka 12, na wapo wadaiwa wanaouhesabu kwa makini kuliko wanaowadai.